Baitari katika Nchi ya Shaba

Nchi ya shaba haikuwa nchi ya ng'ombe. Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Unyamwezi, akavuka Ziwa Tanganyika na kushika njia ya kusini-magharibi hadi Bunkeya, mji wa Mwami Msiri, alikuta huko pembe za ndovu, chumvi, watumwa, na ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha; lakini zizi la ng'ombe lilikuwa jambo adimu, kwa kuwa miombo iliyofunika bonde la Lualaba ilikuwa milki ya mbung'o, na mbung'o hana insafu kwa ng'ombe. Waliokaa na binadamu katika vijiji vya Wasanga, Walunda na Wachokwe walikuwa wanyama wadogo wenye kustahimili: mbuzi, kuku, na yule mbwa mwembamba mwenye masikio ya kusimama, aliyevikwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji asimpoteze katika majani marefu, na ambaye jamaa zake wa misitu ya Kongo walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 wakawa mbwa wa maonyesho.

Mbwa wa mwindaji alikuwa na thamani yake, na kwa sababu hiyo alikuwa na tabibu wake. Mara nyingi tabibu huyo alikuwa mwenye mbwa mwenyewe, na akishindwa yeye, mganga wa uwindaji. Kupe waliondolewa kwa mkono au kwa majani ya utupa yaliyopondwa, yale yale yanayotiwa mtoni kulevya samaki, kidonda kilipakwa jivu, na mbwa aliyepotewa na uwezo wa kunusa alitiwa dawa puani. Ada ililipwa kwa kuku, kwa nyama au kwa kazi, na kwa kuwa mganga na mteja walichota maji katika kijito kimoja, aliyeharibu kazi hakupata mahali pa kujificha. Sitaki kuitukuza tiba hiyo kupita kiasi, maana mbele ya kichaa cha mbwa haikuwa na silaha yoyote. Walakini kabla ya Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Paris, hata matabibu wa Ulaya walikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya matumbo ya watu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli iliyotoka Rhodesia ikafika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911; maelfu ya vibarua wakakusanywa mahali ambapo hapakuwa na shamba la kuwatosha wala kundi la kuwalisha, na kampuni iliyowaahidi posho ikalazimika kununua unga na nyama mbali, upande wa kusini, na kuvileta kwa mabehewa. Miongoni mwa waliofaidi biashara hiyo walikuwa ndugu wawili wa Susman, Elie na Harry, waliokuwa wamefungua duka huko Barotseland tangu mwanzo wa karne, nao wakawa wakinunua ng'ombe wa Walozi na kuwasukuma kuelekea kwenye migodi. Kisha mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ikazuka katika Barotseland, mpaka ukafungwa kwa mifugo, na njia iliyokuwa ikilisha tanuri za Katanga ikakatika kwa muda wa miaka mingi.

Hofu ya serikali za wakati ule haikuwa ya bure. Watu wazima wote wa kusini mwa Afrika waliikumbuka sotoka, ile tauni iliyoingia kwa upande wa Eritrea kiasi cha mwaka 1887, ikawamaliza ng'ombe wa Wamasai, ikavuka mto Zambezi mwaka 1896, na kuacha nyuma yake mizoga na njaa. Alikuja pia Robert Koch, yule tabibu mashuhuri wa Kijerumani, aliyeyachunguza maradhi ya ng'ombe Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na aliyeitwa Bulawayo mwaka 1903 kuutazama ugonjwa mpya uliowaua ng'ombe wa walowezi, akautambua kuwa ni jamaa wa yale aliyoyaona pwani, akauita homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wetu huuita ndigana, na unaletwa na kupe.

Katika hali hiyo ndipo baitari wa kwanza alipoingia Katanga, na inafaa tumtazame vizuri, kwa kuwa sura aliyoingia nayo haijamtoka hadi leo. Alikuwa mtu wa serikali au wa kampuni, aliyesomea Ubelgiji, aghalabu katika shule ya Cureghem pale Brussels. Hakuitwa na mwenye mnyama, wala hakulipwa naye, wala hakuwajibika kwake. Alisimama kituoni behewa likifunguliwa, akaangalia pua, macho na pumzi, akaamua yupi apite, yupi atengwe na yupi auawe, kisha akaenda machinjioni kukata tezi na maini kwa kisu chake na kugonga muhuri wa wino juu ya nyama iliyokuwa halali kuuzwa. Mgonjwa wake hasa alikuwa mla nyama. Ng'ombe alitibiwa ikiwa thamani yake ilizidi gharama ya dawa, na hesabu hiyo, ambayo mfugaji wa mbwa au paka hukataa kuifanya mpaka machozi yamemkauka, yeye aliifanya kila asubuhi bila ya simanzi.

Kampuni zilichoka kununua kwa wengine, zikataka kufuga. Katika nyanda za juu za Biano, kaskazini-mashariki ya Kolwezi, ardhi inainuka kupita mita 1,600, usiku una baridi kali, miti imekwisha na kubaki majani, na mbung'o hapendi kukaa. Huko yakaanzishwa makundi ya ng'ombe, kama vile mbali zaidi, katika Haut-Lomami, kampuni ya Pastorale ilivyokuza makundi makubwa yenye damu ya Afrikander kutoka kusini. Yakajengwa majosho, mifereji mirefu ya saruji iliyojaa maji yenye zarniki, na ng'ombe wakatumbukizwa humo mmoja baada ya mwingine mpaka kichwa kizame, kila wiki, kwa sababu kupe mmoja aliyesazwa anaweza kulirudisha gonjwa zima. Dhidi ya malale ya mifugo zikaja dawa za sindano, na mwaka 1955 ile ya diminazini, ambayo ingali mikononi mwa wafugaji wa Afrika hadi sasa.

Kolwezi wenyewe ni mji mchanga. Ulianzishwa mwaka 1937 kando ya reli itokayo Tenke kwenda Dilolo na bahari ya Angola, na katika miaka ya 1950 mto Lualaba ukazibwa jirani yake, kwanza Nzilo na baadaye Nseke, ili umeme wake uendeshe migodi na viwanda. Mtaa wa Wazungu ulipangwa mbali na kambi za wafanyakazi. Kampuni ikampa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali, shule na hata mkunga wa mke wake, ikaandika daftarini idadi ya watoto wake na uzito wao. Mbwa wake haikumwandika. Mbwa wa mhandisi alikuwa na jina, kola na chanjo. Wa kambini alikuwa na jina tu, na jina hilo, kwa kawaida ya watu wetu, lilikuwa fumbo alilopelekewa jirani. Alipozuka mwenye kichaa, serikali ya kikoloni, hapa kama kwingine Afrika, iliona risasi kuwa dawa ya haraka kwa wote wasio na kola. Naona hapa ndipo ilipoanza ile fikira, iliyo hai hadi leo, kwamba daktari wa mbwa ni anasa ya watu wa mtaa wa juu, ilhali kichaa cha mbwa hakijapata kuuliza mtu anakaa mtaa gani.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wahitimu wa vyuo vikuu katika Kongo nzima hawakuzidi makumi machache. Chuo rasmi kilichofunguliwa Elisabethville mwaka 1956, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndicho kilichokuja kuwapa watu wa nchi hii kitivo cha tiba ya wanyama, na mabaitari wengi utakaokutana nao Kolwezi, Likasi au Fungurume wamepita katika madarasa yake. Lakini njia waliyowekewa ilikuwa ile ile ya zamani, ofisi ya serikali au shamba la kampuni. Migodi ilitaifishwa mwaka 1967, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaendelea kuwa mama na baba. Hata mwaka 1984 ilipogawanywa katika matawi, moja lilipewa kilimo na ufugaji, ili wachimbaji wale mahindi na nyama ya kampuni yao. Mtu wa Kolwezi wa wakati ule hakuwa na haja ya kuuliza baitari yupi ni mwema, kama vile hakuuliza tabibu yupi ni mwema. Alikwenda alikoelekezwa, na gharama ilifichika ndani ya hesabu za shaba.

Mei 1978 vita viliingia mjini Kolwezi, askari wa mwavuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, na Wazungu waliosalimika wakaondolewa kwa ndege, wakaacha nyumba zao, magari yao na mbwa wao. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni mara ya kwanza mbwa wa mtaa wa juu na mbwa wa kambini walipogawana jaa moja, na watoto wa wote wawili, wenye masikio nusu ya kusimama na nusu ya kulala, wangali wakilinda nyua za Manika na Dilala.

Anguko lenyewe lilikuja polepole kisha ghafula. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Ukafuata uporaji wa mwaka 1991, na kufukuzwa kwa Wakasai waliokuwa mafundi na makarani wa migodi. Na kabla miaka kumi haijatimia tangu neema ile, shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mkupuo, na wengi wao, waliozaliwa ndani ya nyumba ya kampuni na kulishwa na ghala la kampuni, wakajikuta wakifuga nguruwe nyuma ya jiko na kuku chini ya kitanda.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu migodi ifunguliwe, mtu wa kawaida alipokuwa na mnyama wake, ugonjwa wake, fedha zake chache, na hiari ya kumchagua wa kumtibu. Walijitokeza wa kila namna. Alikuwako baitari wa serikali, ambaye mshahara wake haukumfikisha katikati ya mwezi, akitibu jioni kwa baiskeli. Alikuwako msaidizi aliyejifunza kushika sindano mashambani. Na alikuwako muuza dawa ambaye elimu yake yote ilikuwa kusoma maandishi ya chupa, tena yaliyo upande wa mbele tu. Homa ya nguruwe ya Kiafrika, isiyo na tiba, ndiyo iliyowafundisha watu kuwatofautisha: baitari wa kweli aliutazama mwili uliopiga wekundu masikioni na tumboni, akamwambia mwenyewe kwa uchungu kwamba asipoteze senti moja ya dawa, afunge banda, azike mizoga, asiwauzie jirani wagonjwa, na yule mwingine alidunga antibaiotiki, akachukua fedha, na nguruwe akafa kesho yake. Watu walioungua mara moja wakajua kwamba anayesema hapana dawa huenda ndiye aliyesoma.

Maarifa ya namna hiyo yalijikusanya mtaani bila ya kuandikwa. Mwenye mbuzi alijifunza kumpima mnyama kwa kamba kifuani kabla ya dawa ya minyoo, kwa kuwa nusu ya kipimo ni hasara mara mbili, haiui minyoo na inaifunza kustahimili. Mwenye mbwa alijifunza kuuliza habari za barafu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikipata joto kwa muda haibadiliki rangi wala harufu. Hufa kimya ndani ya chupa, na mbwa akadungwa maji. Basi utawasikia wenyeji, kwa Kiswahili chao cha Katanga, wakiuliza kabla ya kuuliza bei: "Munganga, hii dawa ilikuwa mu frigo?" Na munganga mwenye heshima yake hafoki, hufungua chupa kubwa ya chai aliyokuja nayo, akaonyesha vipande vya barafu ambavyo bado vina kona zake, na katikati yake kichupa kilichofungwa katika nailoni, akamgeuzia mama mwenye mbwa ile karatasi yake asome tarehe ya mwisho. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo kila siku. Umeme wa Nzilo na Nseke hupita juu ya mapaa ya mitaa ukienda migodini, na chini yake kuna maduka ya dawa ambayo majokofu yake huzimika alasiri nzima. Sijui kejeli nyingine katika mkoa huu inayoipita hiyo.

Kichupa hicho kina siri nyingine, nayo ni ya gharama. Chanjo ya mbwa aghalabu hufungwa dozi 10 kwa chupa moja, na ya mdondo wa kuku mamia, na chupa ikishafunguliwa haiwekwi. Mwenye mbwa mmoja akimwita baitari peke yake hulipa nauli yake, barafu yake na dozi tisa zinazomwagwa, hata kama risiti haisemi hivyo. Majirani 10 wakikubaliana Jumamosi moja chini ya mwembe hulipa kila mtu kinachomhusu. Kwa kuku shida ya barafu imepunguzwa na chanjo ya I-2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu, yenye kustahimili joto kuliko nyingine na kutolewa kwa tone la jichoni. Tanzania huitengeneza yenyewe.

Tangu mkoa wa Lualaba ulipoundwa mwaka 2015 na Kolwezi kufanywa makao makuu yake, fedha zimerudi kwa sura nyingine. Kobalti inatafutwa duniani kote, kampuni zimekuja kutoka China, Uswisi na Kanada, wachimbaji wa mikono wamefukua hata sakafu za nyumba huko Kasulo, na karibu kila aliyepata kitu amejenga ukuta na kutafuta mbwa mkali wa kukaa nyuma yake. Mbwa wa kigeni aliyenunuliwa kwa dola nyingi huja na maradhi ambayo mbwa wa Manika aliyazoea tangu tumboni, hususan homa za kupe, na bwana wake hustaajabu kwamba aliyelipiwa zaidi ndiye anayeugua zaidi. Kuna pia ada inayopandishwa kulingana na gari lililoegeshwa uani. Silaumu sana, kwa kuwa baitari aliyesoma miaka mingi naye ana watoto. Lakini ada isiyotajwa kabla ya sindano ni mlango wa ugomvi, na wenye busara huitaja wakiwa bado wamesimama nje ya lango.

Mtu akiumwa na mbwa, hesabu inageuka. Kidonda kioshwe kwa maji ya kumiminika na sabuni muda wa dakika 15, kisha zifuate chanjo za binadamu, ambazo Shirika la Afya Duniani lilipata kukadiria gharama yake barani Afrika kuwa wastani wa dola 40 kwa mtu mmoja, na watu wanaozihitaji ni wale wanaopata dola moja au mbili kwa siku. Dozi ya mbwa ni sehemu ndogo ya fedha hizo. Tena mbwa ndio wanaoleta takriban vifo vyote vya watu vitokanavyo na gonjwa hili, na ikiwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, linakosa pa kupita, likazimika hata kwa wale 30 waliobaki. Kwa hiyo mwenye mbwa aliyelipa huwa amemlipia pia asiyelipa. Haya si maajabu mapya. Sotoka iliyowatisha watu wa 1896 ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imefutika duniani, kwa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, na haikufutwa na wafugaji waliolipa mmoja mmoja kwa kadiri ya uwezo wao. Ilifutwa kwa fedha za serikali na mashirika, kundi kwa kundi, pamoja na makundi ya wasio na kitu.

Union Minière ilimlipa baitari kwa sababu ilihitaji nyama. Kampuni za leo huagiza nyama yao iliyogandishwa, wala hazihitaji kumjua. Lakini sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazidai sehemu 3 katika kila 1,000 za mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji, na kuzilazimisha kukubaliana nao katika daftari la masharti. Yanayotajwa mwanzo katika mazungumzo ya namna hiyo ni shule, visima na zahanati, na ni haki yatangulie. Jokofu moja la nguvu za jua kwa kila zahanati, lenye rafu moja ya chanjo za mbwa, na nauli ya baitari wa serikali mara moja kwa mwaka kupita Kapata, Luilu, Musonoi na Kasulo, ni gharama ambayo mhasibu wa mgodi hataiona katika hesabu zake, na machifu wa vitongoji wanaokwenda kukaa mezani na kampuni wangeweza kuidai kwa mstari mmoja.